Namba Saba Imekaa Bure

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu wa kwanza, salamu nyingi. Umesema nisikupigie simu mara sita kwa siku, niandike kwenye daftari kisha nikutumie kurasa. Haya, naandika. Baba yako hajambo, ila goti la kushoto lina mambo yake. Bibi yako hajambo, anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Anauliza tena. Kaka yako hajambo, ndevu zimeota upande mmoja, hatulizungumzii hilo. Shangazi yako aliyekuja kwa siku tatu hajambo, huu ni mwezi wake wa tano hapa, kochi limeshachukua umbo lake. Mziwanda wetu hajambo, kapoteza jino na kiatu. Jino tumeliona. Paka hajambo. Mimi mama yako mzima wa mwili. Moyo ndio sijui.

Leo kaletwa fundi kompyuta pale kazini kwa dobi. Kichwa kipara, chupa ya maji haimtoki mkononi, anakunywa kama mche uliopandikizwa jana. Bosi katukusanya wote, mimi wa dirishani, Bi Mvuke wa chumba cha pasi, na wafuaji wawili. Akasema kompyuta imelemewa. Imelemewa na nini? Na majina! Eti majina ninayoandika mimi ni marefu mno, na kila nguo inapoingia naliandika jina lote upya, leo hivi, kesho vile.

Sasa mwanangu, wewe unajua. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye dirisha lile. Shule yangu iliishia darasa la nne lakini wateja wote wamo kichwani. Mama Mapacha wa Ghorofani. Daktari wa Meno Mwenye Meno Mabovu. Yule Bwana wa Soksi Tu. Mtu akisikia nimemwita anajiona mtu. Fundi akasema majina hayo yote yataandikwa mara moja tu, mahali pamoja, na kwingine kote, kwenye lebo, kwenye risiti, kwenye orodha ya nguo, itaandikwa namba. Namba fupi. Haichoshi kompyuta. Mtu akiolewa akabadili jina, namba iko palepale. Majina yakifanana, namba hazifanani.

Bi Mvuke akapiga makofi. Yeye hajui majina ya watu, anajua mikunjo ya suruali. Bosi akasema basi kwa kuwa sasa ni namba, mtu yeyote anaweza kukaa dirishani, na Jumamosi ataamua nani akae, mimi au Bi Mvuke. Atakayeshindwa, chumba cha pasi.

Chumba cha pasi hakina dirisha, mwanangu. Dirisha langu linatazama barabara. Kila siku saa sita na nusu mziwanda anatoka shule, anavuka pale kwenye mistari iliyofutika, mimi namwona hadi afike upande wa pili na kunipungia mkono. Magari yale hayana breki, yana honi tu. Nisipomwona akivuka, nitakunywa maji na yasipite.

Nimesema sitoki dirishani. Nimesema na ukuta, lakini nimesema.

Jumanne, 5 Machi

Kila mtu kapewa namba. Fundi kafuata mpangilio wa daftari la zamani, aliyeandikwa mwanzo kapata namba ya mwanzo. Hakuna heshima hata kidogo! Bwana wa Soksi Tu ni namba 3. Namba tatu, mtu ambaye hajawahi kuleta shati! Daktari wa Meno ni 205. Sisi wafanyakazi nasi tumepewa zetu. Bi Mvuke ni 2. Mimi ni 5. Nimemuuliza fundi kwa nini. Kasema namba si cheo, ni kama tundu la kifungo, linaonyesha tu kifungo kinaingia wapi. Nikamwambia basi mpe Bi Mvuke tano. Akanywa maji.

Bi Mvuke kapita nyuma yangu akisema namba tano kaa sawa unatuzibia hewa. Nimetabasamu. Meno ya nyuma yalikuwa yanasagana.

Mchana fundi akaja na orodha. Akasema kuna majina anayoshuku ni ya mtu mmoja, nimsaidie ayaunganishe yapate namba moja. Tukaenda vizuri. Mama Mapacha na Mama wa Ghorofani, mmoja. Halafu akauliza, namba 7 Mzee wa Tarumbeta, namba 61 Koti Jeupe, na namba 140 Mume wa Mshonaji, hawa ni watatu au ni mmoja?

Ilikuwa saa sita na nusu kamili. Mziwanda alikuwa katikati ya barabara, kasimama, anafunga kamba ya kiatu! Katikati! Nikasema watatu, watatu, andika watatu. Akaandika. Mtoto akavuka. Nikapumua.

Baadaye nikakumbuka ni mtu mmoja. Mzee mpiga tarumbeta, aliyekuwa akileta koti lake jeupe kila Jumatatu, amefariki mwaka jana. Siku nyingine nilimwandika hivi, siku nyingine vile, kutegemea nimeamkaje. Lakini fundi alikuwa ameshahamia ukurasa mwingine, na Bi Mvuke alikuwa anasikiliza mlangoni. Nikubali mbele yake kwamba nimekosea? Marehemu ni marehemu, awe mmoja au watatu.

Jioni kompyuta ikawatumia wateja wote ujumbe kwenye simu: Mteja mpendwa, namba yako ni fulani. Wengine wamejibu na wengine wametukana.

Jumatano, 6 Machi

Kaja Mkuu wa shule. Mkuu wa shule ya mziwanda wetu hasa! Huyu mama kaleta joho la sherehe, anataka kulivaa Ijumaa kwenye mkutano wa wazazi. Kasimama dirishani na simu mkononi, miwani kaishusha puani.

"Yaani mimi," akasema, "ni wa mia moja themanini na nane?"

Nikamwambia mwalimu wangu, namba si cheo, ni tundu la kifungo. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu wa mia moja themanini na nane akapewa zawadi. Wateja waliokuwa nyuma wakacheka. Bwana wa Soksi Tu akajitokeza akasema pole mwalimu, mimi ni wa tatu. Mkuu akamtazama kama anayetafuta fimbo.

Hapo mwanangu, akili yangu ikafanya kazi. Mkuu wa shule ndiye anayemwamuru mlinzi wa geti. Mkuu akinipenda, nitamwomba amwambie mlinzi amvushe mziwanda kila siku. Hata nikitupwa chumba cha pasi, nitapiga pasi kwa amani. Na mteja mkubwa kama huyo akinisifu kwa Bosi, situpwi popote. Ndege wawili, tena wanono!

Na namba 7 iko pale. Fupi, nzuri, imekaa bure. Mwenyewe amelala kaburini, haihitaji. Nilimuuliza fundi kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua, je, mteja akifariki namba yake anapewa nani? Akasema hapewi mtu. Namba ikishatolewa hairudi. Mwenye nayo akifa anakwenda nayo.

Ubadhirifu gani huo! Nyumbani kwetu hata kopo la siagi halitupwi, linawekewa sindano.

Fundi alipokwenda kujaza chupa yake, nikafungua namba 7. Nikafuta Mzee wa Tarumbeta. Nikaandika Mkuu wa Shule, kwa kidole kimoja, herufi kubwa mwanzoni. Sikugusa kitu kingine chochote. Nikaishona lebo ya 7 kwenye ukosi wa joho. Nikampigia Mkuu mwenyewe nikamwambia mwalimu, kuanzia leo wewe ni saba. Akasema, "Sasa hapo tunaelewana."

Nimerudi nyumbani nikiimba. Shangazi yako kauliza tutakula nini leo, wakati kochi lenyewe limejaa makombo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku njema. Mkuu kampigia Bosi, kamwambia dirishani una mtu anayejua watu. Bosi kanitazama kwa jicho la huruma, jicho ambalo sijaliona tangu nilipoumwa malaria. Nimemwambia Bi Mvuke habari hiyo mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kwa sababu ya mashine. Akasema, "Hongera, namba tano."

Kwenye chumba cha pasi pale nyuma kuna ufito wa kutundikia nguo zisizochukuliwa. Nguo za watu waliohama, waliosahau, waliogombana na wenzao. Bi Mvuke huwa anazipiga pasi upya kila mwezi. Nikamuuliza anazipiga kwa ajili ya nani. Akasema nguo ikikunjamana inaonekana kama imetupwa. Nikaona ni kujipendekeza tu kwa Bosi. Nami nikashika pasi dakika mbili Bosi alipopita. Nimeunguza kitambaa cha meza.

Mziwanda kavuka salama. Kapunga mikono yote miwili. Vitabu vikaanguka barabarani. Nimezeeka mwaka mzima pale dirishani.

Ijumaa, 8 Machi

Ya leo nitaandika yote.

Asubuhi joho la Mkuu likawa tayari. Nikabonyeza kama nilivyofundishwa, kompyuta yenyewe ikatuma ujumbe: Mteja namba 7, nguo yako iko tayari. Nikangoja Mkuu aje.

Akaja mama mwingine. Mshonaji wa mapazia, mjane wa Mzee wa Tarumbeta. Kavaa vizuri kama anayekwenda sherehe. Mkononi kashika kiango cha mbao, kile cha kutundikia nguo za wanaume, kipana mabegani. Kanisalimia kwa upole, kaniuliza watoto. Kisha akanionyesha simu yake.

Mzee yule hakupenda simu, mwanangu. Kwenye namba 7 simu iliyoandikwa ilikuwa ya mkewe. Mimi nilibadili jina. Simu sikuigusa.

Akasema Jumanne alipoona ujumbe wa kwanza alikaa chini. Alidhani watu wote wameshamsahau mzee wake, kumbe hapa bado ana namba. Na leo ujumbe wa pili. Akasema, nimekuja kuchukua koti lake jeupe. Nimekuja na kiango chake, nyie vyenu vinaumiza mabega ya koti.

Wewe ulikuwa hapa siku ya maziko, unakumbuka. Mzee alitaka kuzikwa na koti lake la bendi. Koti halikuonekana. Huyu mama alikuja dirishani kwangu, amefunga kanga kiunoni, akauliza. Nikaangalia Mzee wa Tarumbeta, hakuna kitu. Nikamwambia hakuna, mama, pole. Wakamvika koti la kahawia la shemeji yake, mikono ikamfika nusu.

Nikamwambia subiri kidogo, nikamwekea stuli. Akakaa, kiango mapajani.

Ndipo akaja Mkuu wa shule! Nyuma yake wazazi wanne waliokuwa wanaelekea mkutanoni. Nikampa joho, nikampa risiti, nikataka aondoke upesi. Lakini yeye ni mwalimu, karatasi haachi kuisoma. Tena kwa sauti.

Akasoma: mteja namba 7. Akatabasamu kwa wazazi. Akasoma: nguo ulizowahi kuleta, koti jeupe mara arobaini na nane. Tabasamu likasimama. Akasoma: maelezo ya mteja, angalia mfuko wa ndani, huacha chupa ndogo.

Hilo niliandika mwenyewe, zamani. Mzee alikuwa na chupa ya mafuta ya kulainishia vibonyezo vya tarumbeta. Nilikuwa nafanya kazi vizuri!

Mzazi mmoja akasema ahaa. Ahaa tu, lakini ndefu. Mkuu akauliza ni nani aliyesema yeye anatembea na chupa. Bwana wa Soksi Tu, sijui alitokea wapi, akasema mwalimu usijali, sote tuna chetu cha kutuliza. Mkuu akataka kuitiwa Bosi. Bosi akaja. Fundi akaja na chupa yake, na kila mtu akaitazama ile chupa, maskini, akaificha nyuma.

Fundi akatazama kompyuta. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliuma. Akasema mtu kafuta jina ndani ya namba, na namba ndiyo mtu. Nguo zote za yule mzee, simu yake, maelezo yake, vyote vimeshikwa na namba. Ukibadili jina, umemvika mtu mwingine maisha yake.

Mjane akasimama. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo koti halipo?"

Mimi nilikuwa natazama sakafu, nahesabu vigae. Hapo nikakumbuka. Nikakumbuka ile siku, wiki ya mwisho ya mzee. Aliniambia mkewe ndiye aliyeshona mapazia yangu ya sebuleni, nikafurahi sana, na kwa furaha nikamwandika Mume wa Mshonaji. Namba 140. Haina simu. Jumanne fundi aliniuliza. Nikasema watatu.

Nikasema tafuteni mia moja arobaini.

Fundi akabonyeza. Koti moja jeupe, limefuliwa, halijachukuliwa. Bi Mvuke hakungoja kuambiwa. Akaingia ndani akatoka nalo. Jeupe kama maziwa, vifungo vinang'aa, mikono imenyooka. Kalipiga pasi kila mwezi, mwaka mzima, hajui la nani.

Mjane akalitazama. Akatoa kiango chetu cha waya, akaweka chake cha mbao, akalinyoosha mabega. Akapapasa mfuko wa ndani, akatoa kile kichupa, akakitikisa. Mafuta yalikuwa bado yapo.

Sikutaka kumwangalia nikamwangalia. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Akasema, "Mwaka mzima lilikuwa hapa. Nami nilipita barabara hii kila siku." Kisha akamgeukia fundi akasema namba yake msimpe mtu.

Akaondoka amelibeba mbele, mikono yote miwili, kama anayecheza naye.

Saa sita na nusu ilipita. Sikumwona mziwanda akivuka. Alikuja mwenyewe mlangoni kuniuliza mbona sikupunga.

Jumamosi, 9 Machi

Bosi kaamua. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Bi Mvuke dirishani. Mimi chumba cha pasi. Kasema nishukuru sikufukuzwa, na kwamba aliyeniokoa ni Bi Mvuke, ndiye aliyeniombea. Hilo ndilo pigo la pili. Kudaiwa shukrani na mtu yule!

Namba 7, 61 na 140 zimeunganishwa. Imebaki saba. Jina limerudi.

Nimekwenda kwa mjane jioni, nimebeba andazi na maneno. Maneno yalinikwama mlangoni. Kapokea andazi. Koti kalitundika sebuleni, mkabala na kiti cha mzee. Akaniambia kaa. Nikakaa. Akaniuliza kwa nini nilimwandikia mumewe majina matatu. Nikasema kwa sababu nilimpenda, kila siku alikuwa na jipya. Akafikiri. Akasema, "Mimi nilimpenda pia, nilimwita jina moja tu." Tukanywa chai. Haikuwa na sukari, au labda ni kinywa changu.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza chumba cha pasi. Mvuke mpaka masikioni. Hakuna dirisha, kuna tundu la hewa juu, hata paka wetu hapiti. Saa sita na nusu nikasimama katikati ya chumba na pasi mkononi. Kutoka dirishani Bi Mvuke akaita kwa sauti, "Kashavuka! Kapunga!" Nikashukuru kwa sauti. Kimoyomoyo nikauliza, kamwona mtoto yupi? Watoto wote wa pale wana sare moja. Kiatu je, kilikuwa kimefungwa? Upande wa pili alifika, au alifika mistarini tu? Mtu asiyejua majina ya watu ataujuaje uso wa mwanangu?

Nimekaa nikafikiri, mwanangu, na nimepata. Zamu zetu nazo sasa ziko kwenye kompyuta. Haziandikwi majina, zinaandikwa namba. Dirishani: 2. Pasi: 5. Bosi hasomi jina, anasoma namba tu, kila asubuhi. Neno la siri fundi kalibandika chini ya meza, nimeliona nikiokota sindano.

Basi sitagusa zamu. Sitagusa namba, nimeshaona namba haziguswi. Nitafungua 2, nitafuta Bi Mvuke, niandike mimi. Nitafungua 5, nitafuta mimi, niandike Bi Mvuke. Jina tu, na dirisha litakuwa langu. Ile simu iliyoandikwa mle, sijui siku alizochelewa, sijui nini, sitagusa kitu kingine chochote, kila kitu kibaki kama kilivyo. Mara hii nimejifunza, sitatia mkono kila mahali.

Fundi anarudi Alhamisi. Wewe umesoma, unajua mambo ya kompyuta. Ukiupata ukurasa huu nijulishe upesi, kwa yeyote anayekuja huku au kwa simu, ni kitufe gani kinachofanya isionekane kwamba mtu amefuta. Usingoje wikiendi. Saa sita na nusu inakuja kila siku.